Bodi Tupu Kutoka Tunduma

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Maplau ya Ufipa, kuanzia Laela mpaka Namanyere, mengi nimeyaunga mimi, na mikokoteni ya ng'ombe ndiyo usiseme. Nayasema haya mapema ili unijue: nina kiburi cha kazi. Marehemu mama alikuwa akinionya kwamba kiburi si maungwana, nami nikimjibu kwamba maungwana hayaungi plau. Ukija kwangu Chanji ukaanza kunielekeza namna ya kushika kijiti cha kuchomelea, utarudi kwako na plau lako likiwa vipande viwili vilevile.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na gari la spoti. Gari dogo la Kijapani, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuku wa jirani walipata taabu kupita uvunguni mwake. Kijana wa Mbeya aliyekuwa nalo kabla yangu alilifanyia mambo. Aling'oa injini yake ya kuzaliwa akaweka kubwa yenye turbo, akalivika matairi mapana, akalifungia eksozi ambayo ukiiwasha Chanji, watu wa sokoni wanajua umeamka. Wengi waliniuliza mama mzima, mjane wa watoto watatu, nataka nini na gari la vijana. Niliwajibu kwamba nimelipenda. Jibu hilo lilikuwa fupi mno kwao, wakaenda kujitungia jingine. Jumapili nilishuka nalo mbele ya kanisa na kitenge changu na viatu vya kisigino, wanakwaya wakapoteza sauti. Jamani, raha ile siwezi kuieleza.

Aliyenishawishi kulinunua na kuniletea kutoka Mbeya ni mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Yeye ni dereva wa malori. Wakati huo alikuwa anaendesha lori la mahindi la mzee mmoja wa mjini, mfanyabiashara wa Kiislamu ambaye ukoo wao umekuwa kwenye usafirishaji tangu barabara ya Mbeya ikiwa vumbi tupu. Mzee yule hasifii watu ovyo, lakini mdogo wangu alimsifia. Hanywi, hakimbizi gari, hajawahi kukwaruza hata kioo cha pembeni.

Mwaka huo mvua zikiwa zimekolea, nilimtuma aende Kasanga, kule ziwani, na gari langu akanichukulie samaki wa migebuka kwa ajili ya kipaimara cha binti yangu. Barabara ya kwenda ziwani, ukishaipita Matai, inateremka kwa kona. Kwenye kona mojawapo gari likaacha barabara, likaviringika mara mbili, likaishia chali juu ya jiwe. Alitoka humo na mtulinga uliovunjika na mkwaruzo kidevuni. Hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Karatasi ya ajali ikaandikwa mwendo kasi, na madereva wenzake wa yadini kwa yule mzee, watu ambao midomo yao haina breki, wakambandika jina la Rubani, eti kwa sababu aliruka.

Jina angelivumilia. Kilichomla ni kitu kingine, akaniambia siku aliyotolewa bandeji.

“Dada, nadhani nilisinzia. Sikumbuki kusinzia, lakini gari haliwezi kuondoka lenyewe.”

Na kwa kuwa ni mtu wa kufikiri mambo mpaka mwisho, aliyafikiri mpaka mwisho. Kama alisinzia mchana kweupe na gari dogo, siku akisinzia na lori lenye magunia ataua watu stendi nzima. Akarudisha funguo za lori. Bosi wake akamwambia nafasi itamsubiri mpaka mahindi mapya yaanze kutoka mashambani. Malori yakianza kupakia naye hayupo, itabidi kiti apewe mwingine. Mzee hakusema kwa ubaya, mahindi tu ndiyo hayana subira. Basi mdogo wangu akahamia kwangu, akakaa barazani kupukuchua mahindi ya mbegu, mwanaume wa miaka thelathini na nne, na hata akipanda bajaji anafumba macho.

Nikaamua kulifufua lile gari. Niliwaza kwamba akiliona linanguruma tena uani, na akilishika yeye mwenyewe mpaka likasimama, hofu itamtoka. Mambo ya kumkalisha mtu na kumbembeleza mimi siyawezi. Ninachojua ni chuma.

Bodi ya zamani ilikuwa haifai hata kwa banda la kuku. Paa lilikuwa limekutana na viti. Lakini injini, giaboksi na vitu vingi vya chini vilikuwa salama, kwa hiyo nilichohitaji ni bodi tupu ya gari la aina ileile, nihamishie vitu vyangu humo. Dereva mmoja wa yule mzee aliiona Tunduma, kwenye uwanja wa wauza magari yaliyokufa. Nyeupe, haina injini, haina vioo, ina milango yake yote miwili. Kwenye kiti cha nyuma kuku alikuwa ametaga. Ikaja juu ya lori lililobeba saruji, ikafika Jumapili wakati watu wanatoka misa ya pili, nami nikawakamata wanaume wanane wa jumuiya yetu na suti zao wakaishushe. Waliibeba mabegani hatua kwa hatua mpaka uani. Mmoja akauliza tunazika nani leo. Nikamwambia leo tunafufua.

Makaratasi ya kubadilisha bodi nilihangaika nayo mwenyewe ofisini, na hapo sitasema mengi maana nitamtukana mtu.

Nilisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, nikaifunga juu, nikaning'iniza cheni, nikaanza kuichambua bodi ya zamani. Injini ilitoka siku ya pili. Siku ya nne nikawa nimelala chini ya sehemu ya nyuma na spana, nifungue vyuma vinavyoshikilia matairi. Cha kulia kikatoka kizima. Cha kushoto kikatoka vipande viwili.

Nikivuta picha ya siku ile, naliona kwanza vumbi la kutu lililoniangukia usoni. Kile chuma nilikijua. Mwaka mmoja nyuma kilikuwa na ufa mdogo, nami nikakiunga. Nilichukua kipande cha plau kuukuu, chuma kinene hasa, nikakibandika juu yake na kukichomelea pande zote, kisha nikapaka rangi nyeusi pasijulikane. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Ndivyo tunavyounga plau huku kwetu: pakivunjika, bandika chuma kizito zaidi, panene kuliko mwanzo, halafu mkulima akaende nalo shamba miaka kumi. Plau linafaa kuungwa hivyo kwa sababu linavutwa na ng'ombe, na ng'ombe akishtuka anasimama. Kile chuma cha gari kilikuwa bati lililokunjwa, kimetengenezwa kipinde kidogo kila tairi linapopiga shimo. Mimi nilikigandisha kama mguu uliofungwa ubao. Kwa hiyo kikaanza kukatika taratibu pembeni ya weldi yangu, pale ambapo unene wangu uliishia. Nusu ya mkato ilikuwa na kutu jeusi la siku nyingi, na nusu ina kutu jipya la manjano. Ile nusu ya manjano ndiyo ya Kasanga.

Weldi yenyewe haikuwa na ufa hata wa unywele. Ni mimi peke yangu ningeweza kukosea namna ile, na kukosea vizuri hivyo.

Mdogo wangu alikuwa barazani, hatua ishirini, anapukuchua. Nilipaswa kumwita palepale. Badala yake nilivizungushia vile vipande viwili kitambaa, nikavitia ndani ya debe la vyuma chakavu, nikafunika na minyororo ya plau. Nikanawa mikono. Nikapika ugali. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza ya Kwaresima.

Sitajitetea. Ningeweza kusema nilihofia atanichukia, na ni kweli nilihofia. Lakini kilichonifunga mdomo zaidi ni maplau. Niliwaza wakulima wakisikia kwamba weldi yangu ilimpindua ndugu yangu wa tumbo moja, nani ataniletea tena hata jembe. Nilipima jina langu na usingizi wa mdogo wangu, nikachagua jina langu. Na kila siku nikamtazama akikaa pale akidhani yeye ni mtu wa kusinzia.

Ilifika mahali shangazi yetu akaja kutoka kijijini kusema kijana ana mkono wa mtu, nyota yake imefunikwa, apelekwe mahali. Siku nyingine ningemtoa mbio, maana uchawi hauchomelei chuma. Siku hiyo nilimimina chai, nikanyamaza, nikamwacha aseme mpaka amalize, kwa kuwa mchawi wa shangazi alikuwa ananifaa. Hapo ndipo nilipojichukia kabisa. Ijumaa nikaenda kitubio. Padre akanisikiliza, akauliza kama nimemwambia mwenyewe. Nikasema bado. Akasema basi sijatubu, nimehadithia tu. Nilitoka nimekasirika, nikamkasirikia Padre mpaka Pasaka.

Kazi ikaendelea, na ajabu ni kwamba dawa niliyoitunga ilianza kufanya kazi. Bodi ya Tunduma niliikwangua, nikaziba matundu, nikaipaka rangi ya machungwa yaliyoiva mno, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani na kwa sababu naipenda. Mdogo wangu mwanzoni alitazama kwa mbali. Kisha akaanza kunipa spana kabla sijaiomba. Siku niliyoanza kurudisha nyaya za umeme alivumilia kama saa nzima, akainuka, akanipokonya koleo mkononi. Aliniambia ninaunganisha nyaya kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Kuanzia hapo akawa fundi naye, anaamka kabla yangu, anaimba. Kitu kimoja tu hakukifanya: hakukaa kiti cha dereva. Akitaka kujaribu taa, ananiita mimi nikabonyeze.

Na kila siku aliniuliza vile vyuma vya nyuma viko wapi, maana gari lilikuwa limekaa juu ya magogo, mbele lina matairi, nyuma halina. Nilimjibu vinakuja. Vinatoka wapi? Vinakuja tu. Wee, uongo una kazi kuliko kuchomelea.

Mashambani mahindi yalishaanza kukauka, upepo wa baridi unakata masikio, na kule yadini walishaanza kushona maturubai. Injini ilikuwa tayari imefungwa. Siku ya kuiwasha walijaa majirani uani kana kwamba kuna harusi. Nikakaa, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikarudia. Ikakohoa. Majirani wakasubiri kwa heshima, halafu wakakumbuka kazi zao mmoja mmoja. Tulifungua na kufunga siku tatu, tukabadilisha plagi, tukasafisha pampu ya mafuta, nikagombana na kila mtu aliyepita, pamoja na muuza maziwa ambaye hakuwa amesema kitu.

Siku ya tatu mchana mdogo wangu alivua bomba la kupitishia hewa kwenda kwenye turbo, akaingiza vidole viwili, akatulia. Akavuta. Akatoa gunzi la mhindi.

Nilitamani ardhi inimeze. Injini ilipokuwa imelala uani wiki zile zote, niliziba matundu yake yote kwa magunzi ili vumbi na kuku visiingie. Kila mtu huku anaziba kwa gunzi: dumu la mafuta, kibuyu, chupa ya maji ya baraka. Siku ya kufunga niliyatoa yote, moja likakatikia ndani, nikaliacha humo bila kujua. Injini ya turbo, iliyopita Japani, Dar es Salaam na Mbeya, ilikuwa inapumulia kwenye gunzi la Chanji.

Mdogo wangu akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ajali, na sasa alicheka mpaka akakaa chini, machozi yanamtoka, kila akilitazama lile gunzi anaanza upya. Kisha akajifuta, akasema kwa upole kabisa:

“Kumbe hata wewe unakosea, Dada. Miaka yote nimedhani ni mimi tu.”

Angenitukana ningestahimili. Nilienda kwenye debe, nikatoa minyororo, nikatoa kile kitambaa, nikakiweka mapajani mwake. Hakuelewa mara moja. Akakifungua, akashika vipande viwili, akavikutanisha. Yeye si fundi wa kuchomelea lakini amekaa na mimi maisha yake yote, weldi yangu anaijua kama anavyojua mwandiko wangu. Nikamwambia hakusinzia. Tairi la nyuma lilimwacha kwa sababu ya kipande cha plau nilichokibandika mimi.

“Umejua lini?” akauliza.

“Tangu Kwaresima.”

Akahesabu, nikamwona akihesabu: miezi, asubuhi zote za kupukuchua, bajaji, shangazi. Kisha akakifunga kitambaa vizuri, akakiweka chini, akaingia ndani akachukua sweta lake. Aliondoka bila kufoka. Nilimfuata mpaka barabarani nikimwita, mimi ambaye huwa siiti mtu mara mbili, nikasimama pale na mikono yenye grisi watu wananitazama. Nililia mchana kweupe. Sikujali.

Alikwenda kijijini kwa shangazi kuvuna ulezi. Siku tano sikusikia neno lake. Siku ya tatu lori la kwanza la mahindi likapita barabara yetu, na siku ya nne la pili. Nilihesabu malori ya yule mzee, nikajua limebaki moja ambalo halijapata dereva. Gari langu la machungwa lilikaa juu ya magogo, injini inawaka vizuri sasa, na sikuwa na hamu hata ya kulifuta vumbi.

Siku ya sita alirudi asubuhi na ulezi nusu gunia begani na mapendekezo, kama alivyoyaita. Alisalimia, akakataa chai, akayasema akiwa amesimama. Vyuma vya nyuma vitanunuliwa vipya, vyote viwili, dukani Mbeya, wala si vya kuungwa. Atavifunga yeye. Mimi nisiguse hata nati moja upande wa nyuma wa gari lile, kazi yangu itakuwa kumulika tochi. Nikaanza kusema kitu kuhusu namna ya kukaza, akanitazama. Nikafunga mdomo. Walionijua walisema ni muujiza wa kwanza kuonekana Chanji.

Vyuma vikaja na basi. Akavifunga kwa siku moja, nami nikamulika tochi jua likiwaka. Alipomaliza akalishusha gari kutoka kwenye magogo, akafungua mlango wa dereva, akasimama ameushika. Nilitazama pembeni ili asione ninavyoomba. Akaingia. Akavuta kiti mbele kidogo, akasema nipande, tunaenda Kasanga.

Sijui nikueleze vipi safari ile. Nimewahi kulikimbiza mwenyewe gari lile, lakini sijawahi kuliona likiendeshwa. Mpaka Matai aliendesha kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwa wengine, anapapasa. Baada ya Matai barabara ikaanza kuteremka, mabega yake yakashuka, akawa anaingia kona na kutoka kwa utulivu, turbo ikipiga mluzi kila akikanyaga, na mimi nashika kiti na kucheka peke yangu. Gari lilikuwa bora kuliko lilivyokuwa. Bodi ile iliyotagiwa na kuku ilikaa barabarani imenyooka kabisa. Nilijisikia mkubwa kuliko siku zote za kanisani.

Kwenye kona yenyewe akasimamisha gari pembeni. Alishuka, akaliangalia jiwe, akarudi nyuma kwa miguu mpaka mwanzo wa kona, akaitembea yote polepole, akasimama karibu yangu.

“Sikuwa na mwendo hapa,” akasema.

“Najua.”

“Wewe unajua na mimi najua. Yadi nzima haijui.”

Hakuniomba kitu. Tukashuka mpaka ziwani, tukala migebuka ya kuchoma, tukarudi, yeye akiendesha njia yote.

Siku ya pili yake nilijifunga kitenge changu cha kanisani, nikachukua kile kitambaa, nikamwambia mdogo wangu anipeleke yadini. Aliuliza kuna nini. Nikasema aendeshe tu. Tulipoingia na ile eksozi madereva wote waligeuka, wengine wakaanza kumpigia miluzi Rubani. Walikuwa wanakunywa chai na chapati chini ya turubai, na mzee mwenyewe yuko nao na kofia yake, anakagua makaratasi ya mizigo. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kiti. Sikukaa. Miongoni mwa wale watu walikuwepo wakulima wawili waliokuja na mahindi yao, wateja wangu wa miaka mingi. Niliwaona vizuri.

Nikaviweka vile vipande viwili juu ya meza, katikati ya vikombe.

“Hiki chuma nilikiunga mimi, kwa chuma cha plau, na hakikustahili kuungwa hivyo. Kilikatika kwenye kona. Mdogo wangu hakusinzia na hakukimbiza gari. Nimelijua hilo tangu Kwaresima nikalificha.”

Yule mzee akaokota kipande kimoja, akakipima kwa mkono, akapitisha kidole pale kwenye mkato, akampa dereva aliyekaa karibu naye, naye akampa wa pili, kikazunguka meza nzima. Hakuna aliyecheka. Wakulima wale wawili walikishika muda mrefu kuliko wote.

“Umechelewa,” mzee akaniambia.

Nikamwambia ndiyo, nimechelewa. Akatikisa kichwa, akaingiza mkono mfuko wa koti, akatoa funguo, akamwita mdogo wangu kwa jina lake alilobatizwa, sauti ya kusikika na yadi nzima. Lori lilikuwa limeshapakiwa. Safari ni kesho saa moja asubuhi. Hakuna aliyesema tena Rubani, siku hiyo wala nyingine.

Kuhusu jina langu, sitadanganya kwamba halikukwaruzika. Msimu ule niliyaona maplau yakipita mbele ya lango langu yakienda kwa fundi wa upande wa pili, na iliniuma, na nilimsema vibaya yule fundi, ambaye masikini hana kosa. Lakini wale wakulima wawili wa yadini walirudi kwangu. Mmoja alisema sasa anajua nikiharibu nitamwambia.

Asubuhi ile ya safari niliamka mapema nikaliwasha la machungwa, nikamfuata nyuma mpaka nje ya mji kwenye barabara ya Laela. Mtu haagizwi kumsindikiza nduguye. Baridi ilikuwa kali, ukungu mwepesi umelalia mashamba yaliyovunwa. Lori lilikuwa zito, magunia yamepanda mpaka kuinua turubai, na kwenye mwinuko wa kwanza likaanza kupanda kwa hatua ya mtu mzima. Mimi nyuma yake sikuona kitu cha mbele, wala barabara, wala anayekuja. Nikabaki hapo, gia ya pili, nasubiri.

Kisha dirisha la dereva likashuka. Mdogo wangu akatoa mkono wote nje, akaushika hewani kidogo akiangalia mbele kwa niaba yangu, halafu akaupunga: pita, njia ni nyeupe.

Nikatoka nyuma ya lile lori upande ambao sikuuona, nikakanyaga mpaka mwisho, turbo ikapiga mluzi, nikampita.